Mzee Aliyekuja Kukagua Mashimo ya Mwezini

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu haya yalinitokea mimi mwenyewe. Hayakumtokea jirani, wala binamu wa rafiki yangu. Sikuwa nimelewa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, sikatai, chungu kizima, lakini ilikuwa ya wazee wa ukoo na mimi sikuigusa. Bado huamini? Panda kijijini kwetu Kilema siku yoyote, uliza nyumba ya yule mpagazi mwenye darubini. Nitakutolea jembe ulishike kwa mkono wako, halafu tutaongea.

Baba yetu alifariki nikiwa kidato cha pili, na mama akamfuata mwaka uliofuata. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu Flora, na Kalisti kitinda mimba, ambaye alikuwa bado anajifunza kufunga vifungo vya shati. Shule nikaiacha siku ileile. Sikuona cha kujadili. Nikaenda getini Marangu kuomba mizigo, nikawa mpagazi. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku na magari yao, kila mmoja na mzani wake, na watu wengine wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya.

Wazazi wetu tuliwazika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, kama kawaida ya huku, chini ya migomba, karibu na mpaka wetu na baba mdogo Evaristi. Na huo mpaka ndio chanzo cha mambo yote.

Huku kwetu hatujengi ukuta. Mpaka tunapanda masale, ile miti myembamba yenye majani marefu ya kijani. Isale likishapandwa mbele ya wazee, hakuna anayeligusa. Lakini lina kasoro moja: ukiling'oa na mizizi yake wakati wa mvua ukalipanda mahali pengine, linashika kana kwamba limezaliwa hapo. Mwaka huo nilipanda na kushuka mlima mara nne mfululizo bila kulala nyumbani. Niliporudi, nikakuta masale yote yamesogea. Yalikuwa yamepita makaburi ya wazazi wangu, yamesimama upande wa nyumba yetu, yanapepea majani kwa raha zote.

Nikamfuata baba mdogo. "Shikamoo, baba mdogo. Masale yamefikaje huku?"

"Marahaba, mwanangu. Masale hayana miguu. Yako palepale alipoyapanda babu yako. Ni wewe umezoea kuishi kule juu. Hewa ya kule ni ndogo, inapunguza kumbukumbu."

"Na makaburi?"

"Mtakuja kuyatembelea, siwezi kuwakataza. Nitapanda nyanya, lakini misalaba tutaisogeza vizuri tu."

Tutaisogeza! Niambie wewe, msalaba unausogeza, na mama yako aliye chini yake unamfanyaje?

Nikapeleka shauri kwa wazee wa ukoo. Wakapanga kikao siku ya Jumamosi. Shida ni kwamba sikuwa na shahidi. Babu aliyepanda masale alikwisha kufa zamani, na waliomsaidia hivyohivyo. Flora alisema alisikia sururu usiku, lakini mtoto wa darasa la sita nani angemsikiliza mbele ya wazee? Kilichokuwa mkononi mwangu ni mbege ya kuwakaribisha, basi.

Sasa darubini. Safari moja nilimbebea mgeni fulani, mwalimu mstaafu, aliyetaka kutazama nyota akiwa Kibo. Nililibeba sanduku lake kichwani siku nne kama nimebeba mayai, na tulipofika Kibo akaugua kichwa, hakulifungua. Tuliposhuka kituo cha Horombo akapata nafuu, akalitoa, akanionyesha mwezi. Akaniambia nisihangaike na mwezi mpevu, kwa sababu mwanga ukiupiga usoni hauonyeshi kitu. "Tazama ukiwa mchanga," alisema, "pale mwanga unapokutana na giza. Hapo kila shimo lina kivuli chake." Siku ya kuagana akanipa darubini yenyewe na miguu yake mitatu. Wenzangu walipewa makoti na viatu. Walinicheka mpaka Himo.

Darubini ile ilikuwa na tabia moja: ilipindua kila kitu. Juu inakuwa chini, kulia inakuwa kushoto. Mchana niliielekeza mlimani, Kalisti akatazama, akaanguka kwa kicheko, kwa sababu Kibo kilikuwa kinaning'inia kama popo. Jirani yetu Mama Sisti akaomba kumwona ng'ombe wake kule ng'ambo ya mfereji. "Yesu wangu, miguu juu!" akapiga kelele. "Geuza haraka, atamwaga maziwa!"

Alhamisi ya wiki ya kikao mwezi ulikuwa wa siku ya tano. Saa moja na nusu jioni, giza ndiyo kwanza limeingia, nikaisimamisha darubini uani. Nilitaka wadogo zangu wafikirie jambo jingine. Majirani wakaja, wakapanga mstari, kila mtu akatazama. Mama Sisti akasema mwezi una ndui. Mwingine akasema ni uji unaochemka. Wakatazama, wakacheka, wakaenda zao kula. Flora na Kalisti nao wakaingia jikoni.

Nikainama kukaza skrubu ya mguu mmoja. Nilipoinuka, mstari ulikuwa na mtu mmoja.

Alikuwa mzee wa koti refu zito na kofia iliyochoka. Alinukia udongo, ule udongo unaotoka kuchimbwa sasa hivi. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Nikadhani ni mzee wa kijiji cha juu.

"Shikamoo, meku," nikasema. Hivyo ndivyo tunavyowaita wazee huku.

"Marahaba, mjukuu. Nasikia unaonyesha mashimo."

"Ndiyo, meku. Karibu utazame."

Akatazama. Akatazama muda mrefu mpaka mgongo ukaniuma mimi kwa niaba yake. Kisha bila kuondoa jicho akauliza, "Nani amechimba hii takataka?"

"Hakuna aliyechimba, meku. Nimeambiwa ni mawe yalianguka kutoka juu, yakatoboa."

"Mawe! Na wenyewe walikuwa wapi?"

"Hakuna wenyewe."

"Usinichekeshe. Shimo lisilo na mwenyewe umeliona wapi? Tazama hili. Pana hivi, kina hakuna. Ukipanda mgomba hapa upepo wa kwanza unaulaza. Na hili dogo limeingia ndani ya jingine. Aliyechimba alikuwa amelewa. Udongo wa juu haukutengwa na wa chini, umetupwa pande zote kama kuku amepekua. Mstari hakuna. Na samadi? Mjukuu, mimi sioni samadi!"

"Hakuna ng'ombe kule, meku."

"Hakuna ng'ombe." Akanyooka, akanitazama kwa huzuni kabisa, kana kwamba nimempa habari ya msiba. "Na masale? Mpaka wao uko wapi?"

"Hakuna masale pia."

"Ndiyo maana kumeharibika."

Nikamkaribisha mbege kidogo, kwa kuwa mzee hasimami uani kwako mkono mtupu. Akanywa kata ya kwanza kwa mkupuo. Akanywa ya pili. Ya tatu alijichotea mwenyewe. Kisha akaniamuru niielekeze darubini mlimani. Ule mwezi mchanga ulikuwa unatosha kuonyesha theluji. Akatazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mlima uko vizuri. Theluji juu, msitu chini."

"Haukupinduka, meku?"

"Upinduke kwa nini? Umesimama sawasawa."

Nikajisemea moyoni, macho ya uzee. Sikumbishia. Laiti ningejua!

Akaiacha darubini, akageukia migomba. "Na hapa kwako, masale haya yametoka kutembea wapi?"

Basi nikamweleza yote: baba mdogo, mvua, makaburi, nyanya. Nilipofika kwenye maneno kwamba masale hayana miguu, alicheka mpaka kofia ikamwangukia machoni.

"Masale yana miguu kuliko mbuzi! Mpaka huu tuliupima mimi na babu yako. Shimo la isale la katikati nilichimba mwenyewe, jembe langu likavunjika kwenye jiwe. Babu yako akasema, lifukie hapohapo, lilinde mpaka. Simama kwenye kaburi la baba yako, utazame mlima, hesabu hatua tisa upande wa kulia. Kina cha mkono mpaka begani. Jembe langu haliwezi kutembea."

Nikainama kukiweka kile kifuniko cha chungu. Nilipogeuka kumshukuru, uani nilikuwa mimi na darubini.

"Kaka," Flora akaita kutoka mlangoni, "mbona unaongea peke yako? Na mbona hiyo mbege imeshuka hivyo?"

Nikamsimulia kila neno, hadi ule mlima uliosimama. Asubuhi nikaenda kwa Bibi Anjela, bibi mzee kuliko wote hapa kwetu, nikamuuliza mzee wa kijiji cha juu asiye na gumba la kushoto ni nani. Bibi akaacha kumenya ndizi.

"Koti refu?"

"Ndiyo, bibi."

"Anasema samadi, samadi?"

"Ndiyo."

"Huyo ni Ndetaramo. Alichimba mashimo ya migomba ya kijiji hiki chote, na makaburi yote. Kaburi lake mwenyewe alilichimba mapema, akisema hawezi kumwachia mtu mwingine aliharibu. Amelala humo tangu kabla mama yako hajaolewa."

Nilikaa pale nilipokuwa, na pale palikuwa na tenga la kuku.

Niliporudi nyumbani nikamwambia Flora. Jumamosi wazee wakaja. Walikaa kwenye mabenchi chini ya mparachichi, mwenyekiti wa ukoo katikati, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba chungu cha mbege kimepungua. Nikaomba radhi, nikasema alipita mgeni. Baba mdogo akasema maneno matamu kuhusu marehemu kaka yake, akafuta jicho lililokuwa kavu. Zamu yangu ikafika.

"Wazee wangu," nikasema, "chini ya mpaka wa kweli kuna kichwa cha jembe kilichovunjika. Kilifukiwa na aliyechimba mpaka, siku babu anapima. Naomba tuchimbe."

"Nani amekwambia?" mwenyekiti akauliza.

Hapo ungesema nini wewe? Nilisema, "Mtu aliyekuwepo."

Baba mdogo akacheka. "Mwanangu amekaa na lile bomba lake la kutazamia mwezi mpaka akili imepinduka. Sawa! Achimbe. Lakini wazee mshuhudie: asipopata jembe, masale yatabaki yalipo, na neno hili lisirudi tena kwenye kikao."

Mwenyekiti akanitazama. "Umekubali?"

Wadogo zangu walikuwa wamesimama pale makaburini, Kalisti ameushika msalaba wa mama kwa mikono miwili kana kwamba nyanya zinaanza kupandwa saa hiyohiyo. Nikasema nimekubali.

Nikasimama kwenye kaburi la baba, nikautazama mlima. Nikahesabu hatua tisa kulia. Moyo uliniambia: lakini kulia ni upande wa nyumba yetu. Jembe likiwa huku, si ndiyo nimemkabidhi baba mdogo makaburi na migomba juu? Lakini mimi ni mpagazi. Nikiambiwa beba, nabeba. Nikiambiwa kulia, naenda kulia. Nikachimba.

"Chimba, mwanangu, chimba!" Baba mdogo alikuwa na furaha kama mtu wa harusi. "Ongeza kina! Wazee, mmeona? Shahidi wake mwenyewe ananiongezea kihamba!"

Nikafika kina cha goti. Mnyoo, jiwe, kifuniko cha soda. Nikalala kifudifudi, nikatia mkono mpaka begani. Hakuna kitu. Mabenchini wazee wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kutaka kwenda nyumbani. Mwenyekiti akaishika fimbo yake ainuke.

Ndipo Flora akaja shimoni, akachuchumaa, akaninong'oneza.

"Kaka, yule mzee wako si alisema kwenye darubini aliuona mlima umesimama?"

"Niache, Flora."

"Sisi tunauona umepinduka. Yeye akiuona umesimama, basi ni yeye aliyepinduka. Wafu wako chini kule, kaka. Kulia kwake ni kushoto kwetu."

Niliinuka nikiwa na udongo mpaka puani. "Wazee! Nimekosea mkono."

"Ameanza," akasema baba mdogo. "Sasa atachimba Kilema nzima."

"Shimo moja tu," nikasema. "Lisipotoa kitu, sitasema neno tena."

Nikarudi kaburini. Hatua tisa kushoto. Zilinipeleka mbali zaidi na masale, upande wa baba mdogo, hadi kwenye mche wa mgomba ambao baba mdogo alikuwa ameupanda majuzi, na nilipogeuka kumtazama, kile kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Hapo msichimbe," akasema. "Hapo nimetia samadi."

"Tutakurudishia samadi yako," mwenyekiti akasema, akaketi tena.

Nikauweka mche pembeni taratibu, nikachimba. Kina cha goti. Kina cha paja. Nikatia mkono mpaka begani, vidole vikagusa jiwe, na pembeni ya jiwe vikagusa chuma. Nilikitoa mbele ya wazee wote: kichwa cha jembe la zamani, kimekula kutu, kimepasuka kona moja. Mwenyekiti akakipokea, akakipangusa kwa koti lake.

"Hili la Ndetaramo," akasema. "Nilikuwa kijana mdogo lilipovunjika. Alitukana siku mbili."

Masale yalirudi kwao siku hiyohiyo, na aliyeyabeba ni baba mdogo mwenyewe. Jioni akaja mlangoni kwangu na jani la isale mkononi kuomba msamaha. Huku kwetu mtu akikuletea jani la isale huwezi kumkataa, hata akiwa amefanya nini. Jani lenyewe alikuwa amelikata kwenye yaleyale masale aliyoyahamisha. Nikalipokea. Ningefanyaje?

Hadithi ingeishia hapo ningelikuwa na akili. Lile jembe ningelirudisha shimoni. Lakini kwa furaha nililitundika ukutani, juu ya picha ya wazazi, kila mgeni alione. Nikasahau kwamba nimemwacha mchimbaji bila jembe.

Mwezi uliofuata, siku ya tano, nikaiweka darubini uani na kata ya mbege pembeni, kwa heshima. Sikumwona mtu. Asubuhi kata ilikuwa tupu, na jembe langu, jembe jipya nililonunua Himo, halikuwepo nyuma ya mlango. Lilirudi siku ya tatu, limeegemezwa kwenye mparachichi. Lilikuwa limenolewa vizuri. Na tangu ubapa hadi mpini lilikuwa na vumbi la kijivu, laini kama jivu la jikoni. Nimelisugua kwa maji, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Halimaliziki hadi leo. Ukilishika jembe utaondoka na vumbi viganjani.

Limekuwa likienda na kurudi hivyo kila mwezi. Na mara ya tatu nilipotazama, pale mwanga unapokutana na giza, pembeni ya yale mashimo makubwa ya kilevi, niliona vijishimo vidogo, vimepangwa mstari mmoja, vimenyooka kama vimepimwa kwa kamba.

Flora sasa ni mwalimu wa sayansi mjini Moshi. Anasema darubini ndogo vile haiwezi kuonyesha shimo la mgomba, na kwamba ni vivuli tu. Namwambia sawa, mwalimu. Krismasi iliyopita alipokuja nikamweka hapo atazame mwenyewe. Alitazama, akafuta kioo kwa kanga, akatazama tena. Mwishoni akauliza kwa sauti ndogo:

"Kaka, na samadi ataipata wapi?"

Kwa hiyo wewe mwenye darubini, nakusihi. Ukiwaonyesha watu mwezi, hesabu mstari kabla hujaanza, uhesabu tena ukimaliza. Ukikuta amezidi mzee mmoja wa koti refu, mwonyeshe nyota, kwa kuwa nyota hazina mashimo. Usimwambie kabisa kwamba kule hakuna mwenyewe. Jembe lako lilale ndani.

Na kama unafuga, funga zizi kwa kufuli. Mimi sikufunga. Asubuhi ile baada ya Flora kuuliza, nilikwenda kukamua, nikawakuta ng'ombe wangu wawili wamesimama wanashangaa, na sakafu chini yao imekwanguliwa samadi yote, safi kama altare.